Wahusika Ndio Akina Nani?

Sauti yangu mimi, vijana, haikuwa sauti ya mtu mmoja. Nikisimama Ujiji nikasema "jamani", watu wa Kongo ng'ambo ya ziwa wanaitika "naam". Mbwa wa Mwanga, mtaa wa mbali kule juu, walianza kubweka mimi nikiwa bado nyumbani napiga mswaki. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema aliposwa na mwanamume akaja kulala na mnara wa simu. Haya, nimeongeza. Lakini nimeongeza kidogo.

Tangu ndevu zinaota mpaka ndevu zinageuka majivu nilikuwa na kazi moja tu, kutangaza mitaani. Msiba, mkutano, chanjo ya watoto, mbuzi aliyepotea, magodoro mapya yamefika sokoni, boti inaondoka saa ngapi. Nilianza kwa miguu na honi ya bati, nikapanda cheo nikapata baiskeli na spika ya betri, mwisho nikafungiwa spika mbili juu ya bajaji, nikawa kama harusi inayotembea.

Nyinyi sasa mnatangaza kwa flashi. Mtu anachomeka, anaegemea kiti, bajaji inasema yenyewe huku yeye anakula mahindi. Sina ugomvi na flashi. Ninao, ila tutaufikia.

Mjukuu wangu Rehema yuko sekondari. Ndiye anayeandika haya. Mimi nasema, yeye anakimbiza kalamu. Juzi alikuja na daftari lake la Kiswahili, anakariri maneno mazito: hadhira, dhamira, toni, ushawishi, mtazamo. Nikamwambia shika vizuri hayo, yakikuangukia mguuni hutoenda shule. Akanieleza moja moja. Hadhira ni yule unayesema naye. Dhamira ni kile unachotaka kwake. Toni ni uso uliouvaa ukisema. Nikamwambia, "Rehema, mimi hayo nimekula nayo ugali maisha yangu yote, sema niliyaita majina mengine." Akafurahi, akasema basi babu nifundishe, nina mtihani. Nikaanza vizuri, na mizaha yangu. Nilipofika kwenye hadhira mizaha ikaniishia. Hilo neno moja ndilo lililonitenga na Bi Tausi, mwanamke aliyenilea, na sikuwahi kumweleza mtu.

Bi Tausi alikuwa mke wa Mzee Maulidi, na Mzee Maulidi ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika kwake sijui kusoma hata jina langu kwenye mfuko wa unga. Akanipa honi aliyoikunja mwenyewe kutoka kwenye debe la mafuta, akanipeleka ufukweni, akaniambia, "Yasini, tangaza mtumbwi umepotea."

Nikajaza pumzi. "Tangazo, tangazo, kwa wananchi wote, mtumbwi umepotea."

Mzee akakaa juu ya jiwe. "Nani kageuka?"

Nikaangalia. Hakugeuka mtu. Bata mmoja, na yeye alikuwa ana shida zake.

"Hujapiga hodi kwa mtu," akasema. "Ukisimama katikati ya mtaa ukasema hodi, nani atafungua? Kila mmoja atadhani ni kwa jirani. Taja majina matatu ya watu ambao tangazo haliwezi kuwakosa. Matatu tu. Hao watageuka, na wengine watageuka kuwatazama hao. Tangazo lisilo na jina ni mvua ya ziwani, Yasini. Inanyesha, haimwagilii shamba la mtu."

Hiyo ndiyo hadhira. Mwalimu wake Rehema ameielezea ukurasa mzima, Mzee Maulidi aliimaliza akiwa amekaa kwenye jiwe.

Mengine niliyaokota njiani. Kuna kitu nilikiita kibiriti: unamwasha mtu kwa hofu. Mwenye mbuzi mmoja alinikodi, mbuzi wake kapotea, akaniambia sema yeyote aliyemficha atavimba tumbo mpaka ashindwe kupita mlangoni. Nikasema hivyo, tena kwa sauti ya chini, kama ninayesikitika. Mbuzi aliyepotea alikuwa mmoja. Jioni wakarudishwa wanne. Mwenyewe akabaki anawatazama, hajui amshukuru Mungu au akimbie. Kwa hiyo mkisikia tangazo linawaka sana, kabla hamjakimbia, tazameni nani ameshika kibiriti na anatafuta mbuzi wangapi.

Kuna kivuli cha mkubwa. Muuza sabuni mmoja aliniambia niseme wataalamu wamethibitisha. Nikamuuliza wataalamu gani, nikitaja jina watu watageuka. Akafikiri. Akasema, "Mimi nimethibitisha, na wewe ukisema mara kumi utakuwa umethibitisha, tayari tupo wawili." Basi tangu siku hiyo nikisikia "wataalamu wanasema" naona wanaume wawili wamesimama juani na ndoo ya sabuni.

Na kuna "sisi". Hii mjihadhari nayo. "Tujitokeze kwa wingi tufanye usafi." Sawa. Siku ya usafi unakuta sisi tuna majembe na yeye ana mwavuli. Nikaiita sisi ya jembe. Ya sahani huwa inaitwa mimi.

Lakini kubwa kuliko yote ni neno yatima. Maneno ya ofisini mengi ni yatima. "Inatakiwa." "Imeamuliwa." "Zitachukuliwa." Unauliza, nani anataka? Nani kaamua? Neno linakutazama tu, halina baba wala mama. Mzee Maulidi alikuwa hatangazi neno yatima. Karani akimwambia "inatakiwa watoto wapelekwe chanjo", yeye anaingia mtaani, "Mama Sada, Mama Pili, na wewe mke wa fundi baiskeli, nesi yule mrefu anawataka kesho asubuhi na watoto wenu, msinifanye nirudi." Akiona mzee wa milimani aliyeshuka na ndizi, anatupia salamu ya "mwakeye" kwanza, anamtafsiria kwa Kiha. Wote wanakuja. Karani analalamika, "Mzee, mbona umebadilisha?" Anajibu, "Nimebadilisha nguo, mtu ni yuleyule."

Sasa nije kwa Bi Tausi.

Mzee Maulidi alipokufa, mimi ndiye niliyemtangaza, na Bi Tausi alisikiliza kutoka kibarazani. Nilipomaliza mitaa yote nikarudi, akaniwekea chai. Akasema, "Umemtaja vizuri. Na mimi nikifa, Yasini, utanitangaza wewe. Usiseme 'ametutoka', sijaenda sokoni. Sema nimekufa. Na taja majina."

"Bi Tausi, wewe utatuzika wote, utabaki unagombana na samaki."

"Nimekwambia utanitangaza wewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Yeye kazi yake ilikuwa dagaa. Zamani wanawake wote wa pale walianika mchangani, na ukila dagaa unatafuna na ufukwe. Bi Tausi alikuwa wa kwanza pale kwetu kusimamisha chanja: miti minne, nyavu kuukuu juu yake, dagaa wanakauka hewani. Wenzake wakamcheka, wakasema anawalaza dagaa kitandani. Mwaka haujaisha wote wana chanja. Wanunuzi walikuwa wanashuka kutoka Mwanga wanauliza, "Wale dagaa wa Bi Tausi wasio na mchanga wapo?" Chanja zake zilifika sita. Alisomesha kwa chanja sita, alijenga kwa chanja sita, mimi mwenyewe nilioa kwa chanja sita, maana Mzee hakuwa na kitu zaidi ya sauti.

Miaka michache kabla sijaacha kazi, Rehema akiwa darasa la pili, alinifundisha kusoma. Usicheke, wewe unayesoma. Babu na ndevu zake anasoma "Juma ana jogoo". Nilipoanza kuunganisha maneno nikawa siachi kitu. Nilisoma magunia, nilisoma matairi, nilisoma dawa ya panya mpaka kule kwenye maandishi madogo. Nilisoma kaburi la mtu nisiyemjua nikalia kwa furaha.

Na ndipo ofisi moja, ambayo siitaji jina kwa sababu zangu, na waliokuwamo wameshahamishwa, ikaniita. Karani mmoja, kijana msafi, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa ndani, akanipa karatasi. Zamani makarani walikuwa wananisomea, mimi nabeba kichwani. Safari hii nikamwambia, "Lete, nasoma mwenyewe." Nikavaa miwani niliyoinunua mnadani. Akashangaa. Akanipa heshima ambayo sijawahi kupewa ofisini, akasema, "Vizuri sana, Mzee. Basi soma kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Vijana, ningekuwa sijui kusoma ningefanya kazi yangu. Ningemuuliza, hii maana yake nini, inamhusu nani, nipe kwa kinywa. Lakini mtu aliyejua kusoma mwezi uliopita hawezi kuuliza maana mbele ya karani. Nikaondoka na karatasi kama nimeshika cheti cha ndoa.

Nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotua na wanawake wanapoanika. Siku tatu mfululizo nilipita, nikasoma kama ilivyo: "Wahusika wote wenye maendelezo yasiyo rasmi katika eneo tajwa wanatakiwa kuyaondoa kwa hiari ndani ya siku saba. Kinyume na hapo hatua stahiki zitachukuliwa."

Lo, nilivyolisoma. Sikukwama hata mahali pamoja. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa, wakasimama kunitazama, wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Mzee Yasini leo anaongea kama redio."

Bi Tausi akaja mpaka kwenye bajaji, mikono ina magamba. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikirudi na honi. Akauliza, "Mwanangu, hao wahusika ndio akina nani?"

Mimi sikujua. Nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa sijui. "Maendelezo" nilidhani ni nyumba za matofali, za watu wenye hela wanaojenga karibu na maji. Haikunijia kwamba miti minne na wavu mkuukuu ni maendelezo. Na eneo tajwa halikutajwa popote. Ningesema, "Bi Tausi sijui, ngoja nikaulize," karani alikuwa mwendo wa dakika kumi kwa bajaji. Lakini wanawake wote wananitazama, miwani ninayo, karatasi ninayo. Nikafanya mzaha, kwa sababu mzaha ndio mlango wangu wa nyuma.

Nikasema, "Wahusika wanajijua, Bi Tausi."

Wakacheka wote. Kuna aliyesema, "Basi sisi hatujijui, tugeuze dagaa." Bi Tausi naye akacheka. Akarudi kwenye chanja zake. Aliniamini, unaona. Alikuwa anajua kwamba lingekuwa linamhusu yeye, Yasini angemtaja.

Siku ya nane asubuhi likaja greda.

Nilifika nikiwa nimeitwa na karani, sijui kwa nini kaniita. Chanja zilikuwa zinalala moja baada ya nyingine, na dagaa wa siku ile wako juu yake, maana ziwa lilikuwa limetoa sana. Wanawake wanakimbia na beseni. Bi Tausi hakukimbia. Alikuwa amekusanya kwenye kanga yake alichoweza, dagaa na mchanga pamoja. Yule wa dagaa wasio na mchanga.

Akamwambia mkubwa wa msafara, "Baba, sisi hatukuambiwa."

Mkubwa hakukasirika hata. Akasema, "Mama, mmetangaziwa siku tatu. Mtangazaji huyu hapa." Akanigeukia. "Mzee, ulitangaza au hukutangaza?"

Nikajua nimeitiwa nini.

"Nilitangaza," nikasema.

Na kweli nilitangaza. Uliza Kongo, walisikia.

Bi Tausi akanigeukia, kanga imelowa kifuani. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtu, "Ulitangaza, Yasini. Hukuniambia."

Baadaye ikajulikana kulikuwa na sehemu mpya ya kuanikia, mbali kidogo, waliowahi kujiandikisha ndani ya zile siku saba walipewa nafasi. Wanawake wa upande wa pili wa ufukwe waliwahi, mtoto wa mmoja wao anafagia ofisini, alirudi akamwambia mama yake kwa kinywa: ni nyinyi. Maneno mawili. Nafasi zikajaa. Bi Tausi hakupata. Akaishia kununua dagaa kwa waliokuwa wanafunzi wake wa chanja, anawakaanga mlangoni kwake, anawauza kwa vikopo. Mwanawe mmoja, fundi cherehani Mwanga, alimtaka ahamie kwake, akakataa.

Tangu hapo nikipita nikisema, "Shikamoo Bi Tausi," anaitikia. Hakuwahi kuninyima. Anasema, "Marahaba, mhusika."

Anasema bila hasira, huku anageuza kikaango. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabadilisha njia.

Mara moja nilijikaza nikaenda kuomba radhi. Nilibeba sukari na mchele, nikavaa kanzu. Akanikaribisha, akaniwekea chai kama zamani. Nikanywa kikombe kizima naizunguka ile habari. Mwisho nikasema, "Bi Tausi, kuhusu yale ya mwaloni. Makosa yalifanyika."

Akaweka kikombe chini. "Na nani?"

Vijana, mimi niliyewatolea ulimi makarani wote, mimi niliyewacheka kwa maneno yao yatima, siku hiyo nilikuwa nimeingia nyumbani kwa yule mama na yatima wangu mkononi. Alikuwa anataka neno moja fupi. Hata mtoto analijua. Halina herufi ngumu, ningeweza kulisoma bila miwani.

Nikasema, "Na shetani, Bi Tausi, tena yule wa ofisini." Nikacheka.

Hakucheka. Akasema, "Maliza chai yako, Yasini." Nikamaliza. Sikurudi tena kukaa kwenye kile kibaraza.

Nikaacha kazi. Sauti ilikuwa imeanza kupasuka, na flashi zilikuwa zimeingia, hakuna aliyenihitaji. Watu wanadhani ni flashi ndiyo iliyonitoa. Nawaacha wadhani hivyo, inanipa heshima.

Mwaka huu, siku moja baada ya adhuhuri, nimekaa mlangoni nachambua maharage, ikapita bajaji ya tangazo. Ndani ya spika msichana anasema kwa sauti laini, nyuma yake kinanda, sauti ya kuuzia mafuta ya nywele. "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Bi Tausi, aliyetutoka alfajiri ya leo. Mazishi ni leo alasiri. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo. Wote mnakaribishwa."

Kijana anayeendesha alikuwa anakula mahindi.

Aliyetutoka. Sijaenda sokoni, alisema. Na wa kuambiwa hakutajwa jina hata mmoja.

Mwanawe hakuja kwangu, na simlaumu. Nilikaa na yale maharage nikawa najipima: ndugu? Si ndugu. Jamaa? Jamaa wa nani, nyumba nimeacha kuikanyaga miaka. Rafiki? Niliambiwa popote walipo, na mimi nilipo ni mtaa wa tatu kutoka kwake, lakini sikujua kama nimetangaziwa. Kazi yote ile, vijana, sikuwahi kukaa upande huu wa spika. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Unasikia kila neno na hujui kama ni wewe.

Nikaingia ndani, nikatoa honi ya debe chini ya kitanda. Ina kutu, mdomoni inakata. Alasiri ilikuwa bado, nikashuka mwaloni.

Pale palipokuwa na chanja sasa pana uzio wa waya na kibao. Nilikisoma, nasoma vizuri siku hizi. Kinasema hairuhusiwi. Na nani, hakisemi. Ndani ya uzio hamna kitu, nyasi tu, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Nikasimama pale ilipokuwa chanja yake ya kwanza. Sauti ilitoka kama mlango wa zamani, hata bata asingegeuka. Nikasema Bi Tausi amekufa. Nikasema majina matatu, kama nilivyofundishwa. La kwanza nikamtaja Mzee Maulidi, maana aliko ndiko mkewe anakokwenda, apewe habari. La pili nikamtaja mwanawe, nikamwambia mama yako alitaka tuseme amekufa. La tatu nikasema Yasini, aliyelelewa na Bi Tausi, aliyetangaza siku tatu na hakumwambia. Kosa alifanya yeye.

Mlinzi akasogea kwenye waya. Kijana mpole, lafudhi yake si ya huku.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Hapa hamna watu, Mzee wangu. Unamtangazia nani?"

"Mhusika," nikamwambia. "Anajijua."